Miezi 14 Ifisi, jirani na uwanja wa ndege wa Songwe

Mimi na mama tunakaa Ifisi, nje kidogo ya Mbalizi, mkoani Mbeya, kwenye nyumba ya vyumba viwili, sebule, jiko dogo na choo ndani. Kodi ni 150,000 kwa mwezi. Nililipa miezi sita kwa mkupuo, na dalali akachukua chake, kodi ya mwezi mmoja. Kabla ya kuhamia nilihangaika kutafuta mtu wa kuniambia maisha ya huku yakoje, nikamkosa. Kila niliyemuuliza, ama alikuwa na kiwanja cha kuniuzia, ama huku anakujua kwa dirisha la basi la Tunduma tu. Ndiyo maana naandika, hasa kwa mtu mwenye mgonjwa kama wangu.

Mama ana kliniki Ocean Road, hospitali ya saratani, Dar. Mwanzoni ilikuwa kila baada ya wiki tatu, sasa ni kila baada ya miezi mitatu. Kwetu ni Tukuyu. Safari ya kwanza tulikwenda kwa basi. Hadi Makambako alikuwa anaongea na abiria wa kiti cha nyuma. Tulipoanza kuteremka Kitonga, zile kona zilimmaliza. Akalaza kichwa mapajani kwangu na hakukiinua tena. Mbugani Mikumi watoto ndani ya basi walipiga kelele za twiga, yeye hakufumbua macho. Tuliingia Dar usiku, miguu yake imevimba mpaka viatu havitoki. Siku ile niliamua kwamba basi la Dar hatapanda tena. Nilikuwa na cherehani mbili za kushonea sare za shule. Moja niliiuza, nikakata tiketi za ndege.

Lakini Tukuyu na uwanja wa Songwe viko pande mbili tofauti za jiji. Kutoka kwetu ni kilomita kama 70 hadi Mbeya mjini, ukifika Uyole ndiyo kwanza unaanza kulikata jiji lote: Mwanjelwa, Mafiati, Nzovwe, Iyunga, Iwambi, kisha ule mteremko wa kuingia Mbalizi, na bado hujafika. Ndege ikiwa ya saa 1:30 asubuhi, tulikuwa tunatoka nyumbani saa 8 usiku kwa gari la kukodi, tunapita Uporoto kwenye baridi inayopenya blanketi mbili. Gari lenyewe lilikuwa linakaribia bei ya tiketi ya mtu mmoja. Ndipo kaka yangu akasema, "Dada, si mhamie hukohuko karibu na uwanja?"

Kwa wageni niseme jambo moja, kwa sababu limeshamgharimu shemeji yangu wa Dodoma nauli mbili. Uwanja wa Songwe hauko Mkoa wa Songwe. Mkoa huo ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na makao yake makuu ni Vwawa, mbele kabisa kuelekea Tunduma. Uwanja wenyewe ulianza kazi mwaka 2012 na uko mkoani Mbeya, kwenye bonde la mto Songwe, na jina limetoka huko. Shemeji alipokuja kumwona mama alikata tiketi ya basi hadi Vwawa, akatupigia simu yuko stendi anatuulizia. Tena ukiwa Mbeya mjini, ukimwambia bajaji "nipeleke uwanja wa ndege," mtajie Songwe, maana kuna uwanja wa zamani katikati ya makazi, na wenyeji wengine wakisikia "uwanja" akili inawapeleka kule.

Sasa nyumba. Dalali alipotuleta alisimama barazani akanyoosha mkono kuelekea bondeni: "Mama, hapa ndege ziko mlangoni." Ni kweli, bajaji dakika kumi na tano umefika. Akaongeza kwamba labda kelele tu ndizo zitatusumbua kidogo, lakini tutazizoea. Hapo alinielekeza kuogopa kitu kisichokuwepo. Ndege za Songwe ni chache. Zinakuja kwa saa zake, unasikia ngurumo ya dakika moja, basi. Dada yangu anakaa Kipawa, Dar, pembeni ya uwanja wa Julius Nyerere. Kule mazungumzo yanakatika katikati ya sentensi, watu wanasubiri ndege ipite ndipo waendelee, na wala hawajioni kwamba wamenyamaza. Huku hakuna kitu cha namna hiyo. Mama ndiye anazifuatilia kwa kupenda kwake. Akiwa barazani anaweza kukuambia iliyopita ni ya mapangaboi au ni ile ya jeti, na kama imechelewa.

Kelele ya Ifisi ni malori. Barabara hii ndiyo ya TANZAM, njia ya mizigo ya bandari ya Dar kwenda Zambia na Kongo, na ile ya Zambia na Kongo kurudi bandarini. Mafuta, shaba, mbolea, magari yaliyobebwa juu ya magari, vyote vinapita hapa, na usiku ndiyo yanazidi. Wiki ya kwanza sikulala. Breki za upepo zinapiga kama mtu anapasua mfuko wa saruji chini ya dirisha. Nyumba yetu iko mita kama 200 kutoka lami, na nilipokwenda kuiona ilikuwa saa 5 asubuhi, foleni imesimama huko juu, kimya kabisa. Ukija kutafuta nyumba huku, mchana itazame, halafu urudi saa 4 usiku, usimame chumbani dakika kumi bila kuongea. Dalali atakuona msumbufu. Fanya hivyohivyo.

Na kelele ni afadhali kuliko mteremko. Kutoka Iwambi kushuka Mbalizi ni mahali ambapo malori yameshindwa breki mara nyingi na kuua watu wengi, wakiwemo waliokuwa kwenye daladala tu wakirudi nyumbani. Nasema hivi kwa uzito wote. Nikienda Mwanjelwa kununua vitambaa, naondoka saa 3 asubuhi na nahakikisha nimeshuka ule mteremko kabla ya giza. Mvua ikiwa kubwa, siendi. Ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, ndiyo tumaini la kila mtu wa huku, na mimi nauombea. Ila kwa aliye na mgonjwa wa kifua ajue kwamba ujenzi una vumbi, na kwenye michepuko ukifunga vioo unaiva kwa joto, ukifungua unakula mchanga. Mama namfunga kitenge puani.

Mpaka hapa utajiuliza kwa nini basi nimelipa kodi mara ya tatu. Nitakueleza asubuhi moja ya mwezi wa pili.

Tulikuwa na ndege ya asubuhi. Tukaamka saa 10 alfajiri, nikamwogesha mama, tukanywa chai. Nje huoni hata geti. Dereva wetu wa bajaji, kijana anayemwita mama bibi na mama humwita mjukuu, alikuja polepole amewasha taa akasema, "Shikamoo bibi. Leo ukungu umelala chini." Tukafika uwanjani, tukakaguliwa, tukakaa. Zamani uwanja huu ulikuwa hauna taa za kuongozea ndege; giza likiingia au hali ya hewa ikichafuka ndege ilikuwa haitui. Siku hizi taa zipo, lakini ukungu mzito haujali sana taa. Saa 2 tukaisikia ndege juu yetu. Ikazunguka. Watu wote wakatazama dari kana kwamba wanaiona. Ikazunguka tena, sauti ikafifia, na baadaye kidogo tukatangaziwa kwamba imerudi Dar na itakuja tena mchana hali ikiwa nzuri.

Hili lilishatukuta tulipokuwa tunatokea Tukuyu. Siku ile tulikaa kwenye viti vya uwanja kwa muda wa saa tisa. Viti vile vina mikono ya chuma katikati, mtu hawezi kujinyoosha. Mama aliniegemea bega mpaka mkono ukafa ganzi, akatapika mara mbili kwenye mfuko wa nailoni, na mimi sikuwa na pa kumpeleka. Kurudi Tukuyu kungekuwa kukosa ndege, na kuchukua chumba gesti kungekula hela ya dawa. Alilia siku ile. Si kwa maumivu. Alikuwa anaona aibu mbele za watu, na hilo sijalisahau.

Safari hii nilimpigia simu kijana wa bajaji. Hakuwa hata amefika stendi. Saa 3 kasoro mama alikuwa kitandani kwake, amevua viatu, amejifunika, na mto wake ule wa pamba anaoupenda. Nikampikia uji wa ulezi. Akalala hadi saa 6. Jua lilipotoka tukaliona bonde lote jeupe na kavu, ukungu hakuna, na saa 7 mchana mwenyewe akaniambia, "Mwanangu, tuondoke, itakuja sasa." Tukaondoka. Tulifika Dar saa 11 jioni, akashuka kwa miguu yake.

Hicho ndicho ninachokilipia 150,000. Watu wanadhani kukaa karibu na uwanja ni kufika haraka. Kufika haraka ni mara moja kwa miezi mitatu. Kwa mgonjwa, faida kubwa ni kwamba kusubiri anakusubiria nyumbani kwake, na siku ya kurudi, hata ndege ikitua usiku, baada ya nusu saa yuko kitandani mwake, hana safari nyingine ya saa tatu mbele. Mgonjwa wako akiwa na kliniki za mara kwa mara Dar, hesabu gharama zote, pamoja na zile za gari la usiku, utaona kodi ya huku inajilipa. Akiwa na safari moja tu kwa mwaka, bakini kwenu.

Kuhusu uwanja wenyewe, machache ya mtu aliyeutumia sana na mgonjwa. Kiti cha magurudumu kiombe siku unapokata tiketi, usingoje kufika. Vijana wanaosukuma ni waungwana. Mmoja alimfunika mama kwa koti lake mvua ilipotukuta nje. Kwenda kwenye ndege ni kutembea uwanjani na kupanda ngazi, hakuna daraja la kuingilia kama la Dar. Hapo aina ya ndege ina maana kubwa kuliko bei. Jeti ni ya haraka na inapita juu ya mawingu, lakini ngazi yake ni ndefu na mama huipanda kwa kupumzika mara tatu, abiria wakiwa nyuma yake. Ya mapangaboi ni ya polepole na inatikisika zaidi, ila ngazi ni vipandio vichache vilivyo mlangoni kwake. Siku mama akiwa dhaifu natafuta tiketi ya mapangaboi, hata ikiwa saa yake ni mbaya. Chakula cha uwanjani kina bei. Mimi hubeba viazi vya kuchemsha na parachichi.

Na hapo nafika kwenye soko, ambalo hakuna aliyenitajia, na ambalo peke yake lingenifanya nipende Mbalizi. Barabara ya Shigamba inakutana na barabara kuu hapa Mbalizi, kwa hiyo mazao ya Umalila yanashukia hapa kabla hayajafika Mwanjelwa kupandishwa bei. Viazi mviringo vimetoka na udongo mwekundu bado mbichi. Maharage ya kila rangi. Ukija asubuhi mapema wakati Fuso zinashusha, sado ya viazi unaipata kwa bei ambayo ukimwambia mtu wa Dar hatakuamini, na muuzaji anakujazia kilele juu yake bila kuombwa. Maparachichi msimu wake yanauzwa kwa ndoo. Ndizi za kwetu zinakuja pia kutoka Tukuyu, na hapo mama anakuwa mkali, maana anajua zilizokatwa changa. Kuna mama mmoja wa ndizi aliyesikia lafudhi yake siku ya kwanza akamsalimia "Ugonile," na mama, ambaye wiki nzima alikuwa hajala kitu cha maana, akajibu, wakaongea kwa Kinyakyusa mpaka nikamaliza kununua vitu vyote. Tulipoaga akapewa kichane cha nyongeza. "Ndaga fijo," akasema mama, akakibeba mwenyewe hadi kwenye bajaji. Usiku ule alikula mbalaga sahani nzima, akaomba na maziwa mgando.

Hospitali ya kanisa ipo hapahapa Ifisi, na kwa homa za usiku na mambo ya kutundikiwa dripu imetusaidia zaidi ya mara moja. Ni faraja kubwa kujua iko umbali wa bajaji moja.

Maji yanataka kujipanga. Masika hakuna shida. Kuanzia mwezi wa nane hadi mvua za Novemba bomba linatoka siku mbili kwa wiki, mara nyingi usiku, na asiye na simtanki anaishi na madumu. Nyumba yetu inalo la lita 1,000, na hilo liliandikwa kwenye mkataba kwa sababu nililiulizia. Ulizia na wewe. Maji ya kisima cha jirani yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, mama hayapendi kwenye chai. Umeme unakatika, lakini si kuliko Tukuyu. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, kwa hiyo hainizuii kazi. LUKU yetu tunashirikiana na nyumba ya pili uani, na hilo ni kosa langu kukubali bila kuuliza. Tuligombana na mpangaji wa kwanza aliyekuwa anapikia umeme. Nyumba yenye mita yake peke yake, iongezee hata elfu ishirini kwenye kodi, utashukuru.

Hali ya hewa ilikuwa zawadi ambayo sikuitarajia. Bonde hili liko chini kuliko Mbeya mjini na kuliko kwetu, kwa hiyo Juni na Julai, wakati Tukuyu mama alikuwa hatoki kitandani kwa baridi, huku anaota jua barazani kuanzia saa 3. Daktari hakuandika hilo popote, lakini mimi nimemwona akiongezeka uzito. Mwezi wa tisa kuna upepo na vumbi, hapo inabidi madirisha ya upande wa barabara yafungwe kutwa.

Nikiulizwa nyota, nyumba naipa tatu, barabara moja, soko tano. Ukaribu na uwanja siwezi kuupa nyota, kwa sababu thamani yake inategemea unayemsindikiza.

Kuna jambo moja bado nalitafuta. Nataka nyumba upande wa pili, ng'ambo ya reli ya TAZARA, mbali zaidi na lami. Treni ni chache na mlio wake ni mrefu na wa taratibu, mama anasema unamkumbusha alipokuwa msichana wanasikia habari za Wachina waliokuja kujenga. Nimeona mbili. Moja ilikuwa na ngazi saba mlangoni, nikaiacha. Nyingine ilikuwa nzuri, tambarare, ina mwembe, lakini wakati wa mvua bajaji haifiki, na bajaji isipofika saa 11 alfajiri, nyumba hiyo kwetu ni sawa na Tukuyu. Nikaongeza miezi sita hapahapa.

Nyumba ya pili ya uani iko wazi tangu wiki iliyopita, mwenye kuhitaji aulizie. Ina chumba kimoja na sebule, kodi 80,000, maji ya tanki tunachangia. Mzee mwenye nyumba amekubali kuweka LUKU ya pili kabla mpangaji hajaingia. Mpangaji mwenye mgonjwa nitampa na namba ya kijana wa bajaji. Huwa anaamka hata saa 9 usiku, na hajawahi kutuchelewesha.